Jozi Mbili za Tairi na Nyumba Saba za Kuamkia

Bongwe, Jumatatu, Mei 1999. Manyunyu tangu alfajiri, jua kidogo adhuhuri, sasa manyunyu tena.

Sijui niandike kama mtu aliyefaulu leo au kama mtu aliyewatia wenzake kiwewe. Nimekaa na kalamu tangu nilipomaliza kusali magharibi na kila sentensi ninayoianza naikata. Kichwa kimenivurugika.

Nianze na tairi, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Shule ninayofundisha iko juu huko, upande wa Matuga. Nikitoka nyumbani naanza na mchanga wa minazini, mchanga mtupu, gurudumu linazama utadhani unaendesha ndani ya gunia la mchele. Baadaye yanakuja mawe ya matumbawe yaliyochomoza njiani, makali. Halafu changarawe kidogo, na mwisho kilima cha udongo mwekundu ambao ukilowa unanata na kuteleza. Njia moja, tabia nne. Baiskeli yangu ni ya gia, hizi za kupandia milima, mojawapo ya zile zilizouzwa na hoteli moja ya Diani wageni walipopungua. Nilipoichukua tairi zake zilikuwa zimekwisha, vipara vitupu, na tairi za baiskeli za kawaida haziingii kwenye ringi zake.

Fundi Mutiso wa Ukunda, Mkamba mwenye maneno mengi kuliko spana, alikuwa na jozi mbili za saizi yangu. Moja ni pana, yenye meno makubwa. Nyingine ni nyembamba na laini, ya kupendea lami. Alinipa zote nizijaribu, nitakayoikataa niirudishe. "Madam, we chukua hii ya meno," aliniambia. "Hiyo ingine itakuangusha kwa matope, na ukianguka mimi simo."

Haya yote si anasa. Mwalimu mkuu alikuwa akinitishia uhamisho kwa mdomo, na Ijumaa akanipa barua ya onyo: nikichelewa tena mwezi huu, ataandika nihamishwe shule iliyo mbele ya Kinango. Kinango kwenyewe hakuna ubaya, watu wake ni waungwana. Lakini mama yangu yuko humu ndani, na tangu mwaka jana upande wake wa kulia haufanyi kazi. Mimi ndiye ninayemwogesha kabla sijatoka. Mchana Bi Mwanasiti, jirani yetu wa njia hii hii, humletea uji na kumlisha. Ndoa yangu ilikwisha zamani, ndugu sina. Nikipelekwa Kinango, nani atamgeuza mama usiku?

Ndiyo sababu nimezichunguza tairi kama mtu anayechunguza posa.

Wiki ya kwanza nilifunga zile laini. Kwenye changarawe zilikwenda vizuri mno, nikajiona mjanja. Kwenye mchanga zilikata chini kama kisu, nikasukuma. Nilichelewa. Wiki ya pili nilifunga zile za meno. Mchangani zilijitahidi, hasa nilipozipunguza upepo, lakini nilipofika kwenye matumbawe na upepo ule mchache mpira wa ndani ulibanwa kati ya jiwe na ringi ukatoboka matundu mawili. Nilichelewa nikiwa na mikono myeusi. Mwalimu Ndurya, mwenzangu, ambaye kwao ni Kinango na anaijua miiba, akanishauri nikate mpira wa zamani niutandike ndani ya tairi. Nikatandika. Baiskeli ikawa nzito kama ng'ombe wa maziwa, nikachelewa.

Nikachanganya: laini mbele, meno nyuma. Mbele kukateleza kilimani, nikaanguka mbele ya watoto wa darasa langu, buibui limejaa tope, nao wakaniamkia kwa adabu kana kwamba walimu wote hufika shule kwa kuviringika. Nikageuza: meno mbele, laini nyuma. Huo mpango ulikuwa afadhali, usukani ulishika. Nilichelewa.

Nimekuwa nikiandika yote kwenye daftari, kwa mistari, na jambo lililonitatiza ni moja. Tairi yoyote niliyofunga, nilichelewa karibu muda ule ule. Saa na robo njiani, zaidi au pungufu ya dakika chache. Haikuingia akilini. Nilianza kuwaza labda mwenye kasoro ni mimi, miguu yangu haijui kitu.

Kisha ikaja Jumamosi.

Nilikwenda shule kuchukua madaftari ya kusahihisha. Mvua ilikuwa ya kumwaga, na nilikuwa nimefunga zile laini mbele na nyuma kwa sababu nyingine zilikuwa zimelowekwa kuondoa udongo. Kwa akili ya kawaida ilikuwa nianguke mara kumi. Nilifika kwa dakika arobaini. Nikaipeleka saa sikioni nikidhani imesimama. Nikarudi, dakika arobaini tena. Tairi mbaya, siku mbaya, na nimewahi kuliko siku zote.

Nilikaa jikoni na nguo mbichi nikijaribu kulifumbua hilo. Uji wa mama nusura uungue. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi ile sikumwona mtu hata mmoja nje. Mvua iliwafungia wote ndani, na mchanga nao ulishikana kwa maji. Kutoka nyumbani hadi shule sikushuka kwenye baiskeli hata mara moja.

Jamani, mimi ni mwalimu wa hesabu.

Kwetu mkubwa haamkiwi na mtu aliyekaa juu ya kitu. Unashuka, unashikilia baiskeli, unasema shikamoo. Unaitikiwa marahaba, unaulizwa za mama, amelalaje, mkono umepata nafuu, mvua huko kwenu imenyeshaje. Unajibu, nawe unauliza. Nyumba za wakubwa njiani mwangu ni saba. Nilikuwa nimepima mchanga, mawe na tope, sikupima salamu. Tena kila nikishuka mchangani siwezi kupanda tena mpaka nisukume nifike pagumu. Nilifanya hesabu yake pale jikoni, ikatoka kamili.

Na kushuka kwenyewe mimi nakuhitaji kuliko mtu mwingine. Mwanamke aliyeachika, yuko juu ya baiskeli, suruali ndani ya buibui. Nimekwisha kusemwa vya kutosha. Nikiacha na kuamkia, watasema gia zimenipanda kichwani.

Lakini ile barua nayo ilikuwa chini ya mto wangu. Nikaamua, na uamuzi ulikuwa wangu peke yangu: leo sishuki. Nitasema shikamoo nikiwa mwendoni, kwa sauti, na Mungu anisamehe.

Nilifunga meno mbele na laini nyuma. Nyumba ya kwanza nilipaza sauti nikapita. Ya pili nikapita. Kwa Bi Mwanasiti nilimwona amesimama na kata ya maji, ameinua mkono, nikainamisha kichwa nikakanyaga kwa nguvu. Moyo uliniuma, sitadanganya. Nilifika shule mapema, hata mwalimu mkuu hajafungua ofisi. Alipofika akaitazama saa yake, akanitazama, akasema, "Vizuri, mwalimu." Basi. Nikafundisha siku nzima mwepesi, nikiwaza kwamba nimeokoka, mama ameokoka.

Nilirudi saa kumi hivi. Nilipokata kona nikaona viatu.

Ndara, makubadhi, viatu vya mpira, jozi kwa jozi mlangoni petu. Mikeka imetandikwa uani. Wanawake wameketi kimya, leso zimewafunika vichwa, na mtu amekwisha kuleta sufuria kubwa ya kupikia watu wengi.

Mama amekufa. Hilo ndilo wazo lililonijia, na la pili lilikuwa kwamba amekufa nami niko shule nafundisha kutoa kwa kukopa. Niliiachia baiskeli ikaanguka. Wanawake waliponiona wakasimama, na mmoja akaniuliza pole pole, "Ni nani, mwanangu?" Sikumwelewa. Mimi ndiye niliyekuwa naja kuuliza.

Ndani nilimkuta mama ameketi kitandani, Bi Mwanasiti amemwegemeza, na mama analia. Mzima. Aliponiona akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu augue, akanishika buibui kwa mkono wake wa kushoto, ule mmoja unaofanya kazi, akalivuta mpaka pini ikafunguka. Maneno yake hutoka kwa tabu. Alisema jina langu tu, mara nyingi. Nami nikalia, kwa sauti, kama mtoto.

Bi Mwanasiti alinieleza, na hata sasa nikiirudia kichwani siamini. Kwetu mtu mzima mwenye adabu hapiti bila kushuka ila awe amebeba habari ya kifo. Aliponiona napita kichwa kimeinama, akasema moyoni mamake huyu hayupo tena, anakimbilia kutoa taarifa. Akatupa kata, akaja hapa na goti lake bovu. Akamkuta mama amekaa anakunywa chai. Nyuma yake wakaingia wa nyumba ya kwanza, wakaingia wa nyumba ya pili, mpaka wa ile ya mwisho kule chini ya kilima, kila mmoja amefikiri hivyo hivyo. Walipomwona mama mzima hawakuondoka. Walisema basi aliyefariki ni mwingine, na haifai kumhoji mgonjwa. Wakatandika mikeka wanisubiri nirudi niseme ni nani.

Na mama, kutoka kitandani, akawa anawaona wanaingia mmoja mmoja, wamejifunika, wananyamaza. Hakuna aliyemjibu alipouliza, kila mmoja akidhani analilia huyo marehemu. Mama hana mtu mwingine wa kufiwa naye ila mimi.

Alinililia tangu asubuhi mpaka saa kumi.

Nilitoka uani nikawaambia kila kitu. Barua. Kinango. Tairi za meno na tairi laini, upepo mwingi na upepo mchache, daftari langu la mistari. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, nikiwashika mikono. Nilitegemea kukemewa. Bibi mmoja alicheka mpaka akaikumbatia sufuria yake, wengine wakamfuata, na kwa kuwa sufuria ilikuwa imekuja wakapika wali wakala.

Bi Mwanasiti hakucheka. "Unanishukia kila siku, nakuuliza habari, unaniambia njema, njema," alisema. "Kumbe una barua. Mbona hukunambia?"

Nimemuuliza fundi, nimemuuliza Ndurya, nimeliuliza daftari. Watu saba ninaowaeleza habari zangu kila asubuhi sikuwaambia. Kwa nini? Aibu? Kiburi? Naandika hapa nikitumaini kalamu itajua, nayo haijui.

Wameamua wenyewe. Asubuhi nipite, jioni nikirudi niwashukie nyumba moja moja, niwape habari zilizoshiba. Wote wamekubali isipokuwa Bi Mwanasiti. Yeye amekataa katakata. Amesema wengine wana hiari yao, yeye ndiye anayemlisha mama mchana, na lazima asikie kila asubuhi mama ameamkaje, kwa kinywa changu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Nikamwambia sawa, Bi.

Wameondoka na mikeka yao. Mama amelala, uso umevimba kwa kulia. Sijui kama dakika zitanitosha. Bado siku nyingi mwezi uishe, na mwalimu mkuu si mtu wa kuelezwa haya akayaelewa.

Lakini la tairi nimelimaliza. Nyembamba nitamrudishia Mutiso. Mbele ya nyumba ya Bi Mwanasiti ndipo mchanga ulipo mzito kuliko pote, kwa hiyo nitabaki na zile pana, upepo mchache na ule mpira wa zamani ndani kwa ajili ya matumbawe, ili nikishuka pale niweze kupanda tena.