Unga wa Mama Furaha

Mama yangu,

Barua hii ningalikupa mkononi ulipokuwa hai, kama ningalikuwa na ujasiri. Miaka saba imepita tangu uzikwe, na bado nikipita karibu na yale maghorofa yetu ya Irving, Texas, nageuza uso kama mwizi.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Wewe unachambua mchele, mjukuu wako mgongoni, mimi nakusomea kitabu changu cha chuo kuhusu Ulaya ya kale, nikikutafsiria papo hapo. Ulicheka ukasahau mchele niliposema kwamba nguruwe aliyeua mtoto alishtakiwa mahakamani kama mtu. Ulitaka kujua nani alimtetea. Nikakuambia wanyama wengine walipewa wakili, ukasema basi walikuwa na bahati.

Tulipofika sura ya wachawi hukucheka. Nilikusomea habari za mjane mzee aliyepita kwa jirani kuomba maziwa, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Mtoto wa jirani akiugua, ndipo jirani anamkumbuka yule mjane. Nikajifanya profesa, nikakueleza kwamba aliyenyima ndiye aliyesutwa na moyo wake, akamtupia mwenzake lawama. Niliandika insha juu ya hilo.

Wiki hiyohiyo niliacha nyumba haina unga wa ugali. Gari nilikuwa nalo mimi, na kule bila gari huendi popote. Ukashuka kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo tuliyekuwa tukisali naye. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, amechoka hoi. Akakuambia, "Unga ilishaisha, mama," na mfuko ulikuwa unaonekana juu ya friji. Ulipanda ngazi ukijisemesha, kama ulivyojisemesha maisha yako yote. Siku ya tatu Furaha akashikwa na degedege, akalazwa.

Kikundi chetu cha maombi kilikuja Jumapili baada ya ibada, watu sita, wakavua viatu mlangoni. Hawakupaza sauti. Kiongozi alisema kwa upole kwamba ukikiri kumroga Furaha, mtoto atapona na hakuna atakayelizungumza tena. Ulikataa mara mbili. Ulisema uliomba unga tu.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilijua kila kitu, Mama, nilikuwa nimeandika kurasa nane. Lakini hao ndio walionipokea uwanja wa ndege, ndio walionilelea mtoto kabla hujaja, na niliogopa kubaki peke yangu Texas. Nikakuinamia nikasema, "Mum, kubali tu iishe. Kesho niko na shift."

Ukapiga magoti kwenye zulia. "Ni mimi," ulisema. Hukumwangalia kiongozi. Uliniangalia mimi.

Furaha alipona kwa dawa za hospitali, nao wakasema ni kwa sababu ulikiri. Ukaomba kurudi nyumbani, na maneno yakakutangulia kwa simu. Kaka aliniambia kwamba ulipougua hakuna jirani aliyekuchotea maji, na waliochimba kaburi walitoka mbali. Sikuja kukuzika. Nilisingizia makaratasi ya uhamiaji, na makaratasi nilikuwa nayo.

Insha yangu ilirudishwa wiki mbili baada ya kukusindikiza uwanja wa ndege. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Kwenye ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa ameandika swali moja kwa kalamu nyekundu: watoto wa wanawake hawa walikuwa wapi?

Nilikuwa palepale, Mama. Baada ya wewe kukiri niliwamiminia chai, wakanywa.

Sikuombi unisamehe. Naandika hadharani ili wale walioyapokea yale maneno kwa simu wasome, na wa Irving wasome, na Mama Furaha akipenda asome. Mama yangu alishuka ngazi kuomba unga. Unga tu.

Pumzika, Mama.

Kitinda mimba wako, niliyejua