Msiba Usio na Marehemu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya nne nyumbani, kijijini Sola. Nimeamka saa kumi na moja, bila kengele. Mwili bado uko Guangzhou — huko ni saa nne tayari. Nimekunywa maji ya moto matupu, glasi mbili. Mke wangu, Mama Salu, kaniuliza kama tumbo linauma. Nikavua viatu mlangoni, kuku wakaingia na miguu yao ilivyo.

Dukani kwa Josia niliwapa watu ile hadithi ya treni ya China. Inaenda mbio mpaka kivuli chake kinafika stesheni baadaye. Josia kauliza, basi wewe ulirudi na kivuli cha nani? Wamecheka. Nikaongeza kwamba nilikuwa meneja wa ghala la makontena, watu arobaini chini yangu.

Walikuwa chini yangu kweli. Jiko lilikuwa ghorofa ya pili, wao wanakula chini.

Nilikuwa mpishi. Miaka saba. Mama Salu mwenyewe hajui — umeneja nilimwambia kwenye simu mwaka wa kwanza, ukakua wenyewe kama boga. Nitaanzia wapi? Marehemu baba alikuwa na ng'ombe tisini, na hakujua chumvi inakaa wapi.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimeua mtu bila kujua.

Nilienda kwa Josia kununua kiberiti. Nilitembea tu. Lakini kule Guangzhou kila mtu anatembea kama amechelewa, na mimi miguu imeshika. Mama mmoja kanisalimia kwa Kisukuma, Mwangaluka, nikaitikia nikiwa nimeshampita. Hapa salamu unasimama. Unaulizwa watoto, ng'ombe, pamba, ndipo unaachiwa uende. Mtu mzima akipita mbio bila kusimama, maana yake ni moja — anapeleka taarifa ya kifo.

Narudi nyumbani, wanawake saba uani, kanga kiunoni. Mmoja na unga, mwingine na kuni. Pamba wameiacha shambani. Jirani yangu Yakobo kakaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Pole, Mabula. Ni nani?"

Nikasema hakuna aliyekufa. Akanishika bega. "Ndivyo inavyoanza. Utakubali polepole."

Saa nane dada yangu Ndaki kashuka kwenye bodaboda, katoka Bariadi, analia jina langu. Kaniona nimesimama, akalia zaidi. Halafu akanipiga na mkoba.

Alhamisi, 12 Juni

Dada Ndaki kalala hapa. Anasema kilio kikililiwa bure kinabaki kinatafuta mtu wake. Kwa hiyo kifungwe: walioitwa na msiba waitwe tena, wale, wacheke, waende kwao. Mbuzi mmoja, Jumamosi. Nimekubali. Yakobo kasema, ila safari hii ukija kutualika, uje unatembea kama mtu.

Nimefanya mazoezi. Mpaka dukani dakika arobaini. Nimesalimia watu kumi na mmoja. Ng'ombe wa Paschal kazaa pacha — nisingejua. Kule Guangzhou mimi na jirani yangu tulitazamana milango miaka saba, jina lake silijui mpaka leo. Leo nimechekwa na watu wanaolijua jina la babu yangu. Usingizi utakuwa mtamu.

Jumamosi, 14 Juni

Watu kama sitini. Nimekaa na wanaume, nawaeleza makontena yanavyopangwa. Pembeni Winnie, binti wa kaka yangu, anakata vitunguu. Anakata kama anapasua kuni. Nikavumilia. Nikageuza kiti nisione. Nikawa nasikia.

Nikasimama. "Lete kisu, mwanangu."

Hapo katikati sikumbuki vizuri. Vitunguu ishirini vimekwisha, vyembamba hata unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Nikainua kichwa — uwanja mzima unanitazama.

"Mameneja wa huko wanajua kazi," dada Ndaki kasema.

"Labda ghala lilikuwa la vitunguu," Yakobo naye.

Wamecheka mpaka wamelala chini. Na mimi nimecheka, mkono haujaacha kukata.

Mama Salu hakucheka. Kaleta beseni jingine, kaniwekea mbele, kakaa. Kwa sauti ya chini: "Kila nikikupigia simu nikuulize umekula nini, unanieleza mpaka tangawizi imekatwaje. Meneja gani, baba Salu?"

Nyama iko motoni na tangawizi yangu ya kwenye begi. Nimechukua daftari ili nisimtazame. Kauliza naandika nini. Nimesema viungo, watu wameomba.

"Vizuri. Juu kabisa weka jina la mpishi. Utawasomea kabla hawajanawa."

Hajaondoka. Maji ya kunawa yanapitishwa sasa hivi. Yakobo keshakunja mikono ya shati, anatazama huku. Nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu —