Ukurasa Mmoja wa Mama

Kitinda mimba wetu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kompyuta yangu ilipoteza fahamu Jumanne asubuhi, baada ya kukubali sasisho la mfumo. Iliandika "Subiri kidogo", nami, mtu mzima na nywele zangu hizi chache, nikasubiri siku mbili.

Ndiyo maana nilikwambia kwa simu kwamba zile kurasa sitini za hadithi za marehemu mama, za kitabu ulichowaahidi wanao, zimepotea.

Nikaipeleka kwa fundi. Akacheka.

"Mzee, hujaharibu kitu. Sasisho lenyewe ndilo bovu. Hii ni mashine ya kumi na moja wiki hii."

"Sasa vilivyokuwemo vimekwenda wapi?"

"Havijaenda popote. Mlango tu ndio umekwama."

Nikavuta kiti. Unajua udadisi wangu. Nilimuuliza maswali mpaka akanipa bisibisi niishike, ili ninyamaze. Akaliondoa lile sasisho na kila kitu kikarudi, hata picha yako ya kibogoyo.

Faili la mama nalo likarudi. Lina ukurasa mmoja.

Ukweli ni huu, mdogo wangu. Kila nikifungua sauti yake niliyoirekodi ili nizichape hadithi, mama anakatiza na kuuliza, "Mwanangu, unanisikia?" Najibu, "Nakusikia, mama," halafu vidole havisogei tena. Sasisho lilikuwa bovu kweli, ila mimi nililishukuru.

Njoo ukae karibu nami. Mama akiuliza, mjibu wewe, mimi nichape.

Kaka yako,
mwongo wa kurasa hamsini na tisa