Muthokoi Kwanza, Sindano Baadaye

Mbooni, Ijumaa, Julai 1987

Ukungu umekataa kuondoka mlimani tangu asubuhi na vidole vyangu vimekufa ganzi, lakini leo nina furaha ya kurukaruka.

Majibu ya damu yamefika kutoka maabara. Nilichanja nguruwe sita wa kikundi cha akina mama dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na wiki tatu baadaye nikawatoa damu ipimwe kinga. Kabla sijaituma, nilibashiri humu shajarani: watano wamekingwa sawasawa, mmoja bado.

Nimepatia wote sita!

Ofisini nilipowaambia kuwa nilibashiri hivyo, wameshangaa nilijuaje. Sikuwaambia. Wewe nitakuambia, shajara.

Yule mmoja ni wa Mama Mwikali, na siku ya chanjo kwake ndiko nilikomalizia. Huku kwetu mgeni hashiki kazi kabla hajala. Nilikuwa nimeshatoa chupa kwenye barafu, nikaiacha dirishani penye jua, nikala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sahani mbili. Nilipoishika tena ilikuwa na joto. Chanjo ikipata joto huchoka, hilo nalijua vizuri. Niliona haya kusema, nikadunga hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilifurahi kama dakika kumi, kisha nikajichukia. Nguruwe wake ana mimba kubwa, na ugonjwa umeshaonekana kwa ng'ombe wa soko la Emali.

Mchana nimepanda mlima na chupa mpya, barafu tele. Mama Mwikali amenipokea na sufuria. Nimekataa kuketi. Nimemweleza yote, hata zile sahani mbili.

Ameweka sufuria chini.

"Kwa hivyo ni chakula yangu iliharibu dawa?"

"Hapana, Mama. Ni mimi niliiharibu."

"Basi dunga haraka, daktari. Na ukimaliza, leo ni sahani moja tu."

Nimecheka mpaka machozi. Amemshika nguruwe masikio yeye mwenyewe, nami nimechota dawa kutoka chupa iliyokuwa baridi mpaka inauma kiganjani.

Baada ya wiki tatu nitampima tena. Ubashiri wangu ni kwamba huyu sasa amekingika. Lakini safari hii sikuuficha humu. Nimeuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, Mama Mwikali akiona, na jina langu chini yake.