Taa Ndogo ya Amplifaya ya Dheere

Garissa, Jumatano, Januari 1996

Leo joto limeamka kabla yangu. Saa mbili asubuhi niliweka kiganja juu ya meza ya kazi nikaiona kama imetoka kupigwa pasi sasa hivi. Upepo hakuna. Mbuzi wa jirani wamebanana kwenye kivuli cha tangi la maji na hawasogei hata ukiwarushia ganda la ndizi.

Moyo wangu umelegea. Si huzuni hasa. Ni kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake bila kujua, kisha akaambiwa ulikuwa na nini.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nikiruka nitaanza kujitetea.

Kwa miezi minne nimekuwa nikimtengenezea rafiki yangu Yusuf amplifaya ya gitaa. Ni ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo zitoe sauti. Valvu, transfoma na spika nilizitoa kwenye redio kubwa ya mbao niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu alipopata uhamisho. Bati la kuvishikilia vitu hivyo nimelikata kwenye mlango wa gari bovu. Hadi jana kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa tundu moja mbele, kando ya swichi. Hapo ndipo hukaa taa ya ishara.

Asiyejua atadhani taa hiyo ni pambo. Ndani ya chombo hiki mna volti zaidi ya mia tatu. Mna pia kapasita, ambazo huweka umeme akiba kama mtungi unavyoweka maji. Ukizima swichi, mtungi bado umejaa. Na umeme wa mji wetu hukatika na kurudi bila kupiga hodi. Mtu akisahau swichi ikiwa imewashwa, akafungua kifuniko akidhani umeme haujarudi, kumbe umerudi, hatafungua kifuniko kingine. Yusuf hupiga gitaa akiwa pekupeku, kwenye chumba cha mabati, na ana tabia ya kufungua kila kitu ili apapase ndani. Kwa hiyo taa hii nilitaka nisiikosee.

Yusuf ni mtu wa Mogadishu. Kabla ya vita alikuwa mpiga gitaa wa bendi huko. Alivuka mpaka akiwa na gitaa mgongoni na shati alilovaa, akaja kwa dada yake Halima, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua mmoja wa miiba. Hapa kila mtu anamwita Dheere, yaani mrefu, na kweli huinama kwenye kila mlango. Wasomali humpa mtu jina la utani kwa kile kinachoonekana mwilini mwake, bila kuficha na bila nia mbaya. Muuza nyama wetu anachechemea, anaitwa Langare, na anaitika vizuri tu. Mimi mtu wa Mwingi, niliyekuja kufundisha fizikia nikastaafu bila kuondoka, wameniita Okiyaale kwa sababu ya miwani. Jina likikushika, limekushika. Utazikwa nalo.

Leo asubuhi nilimwita Dheere aje achague taa mwenyewe. Nilikuwa na mbili. Ya kwanza ni balbu ya baiskeli iliyofunikwa kioo chekundu. Ya pili ni balbu ndogo iliyokuwa ikimulika namba za ile redio, nikaitafutia kioo cha kijani. Zote hutumia volti sita, basi nilipanga betri nne kubwa za tochi kwenye ubao, nikaziunganisha, nikawa naziwasha moja moja.

Kabla ya kuwasha, nilieleza. Mimi siwezi kuwasha kitu bila kueleza. Nikamwambia nyekundu ni ya onyo, inakaza macho, inafaa kitu cha hatari. Nikamwambia kijani ni tulivu, na inakaa kama jani lililoloa. Alisikiliza akiwa ameelekeza uso kwangu, akitabasamu, mikono juu ya magoti. Nikawasha nyekundu. Akasema inakaza macho kweli, kama polisi wa barabarani. Tukacheka.

Nikaunganisha ya kijani. Nikamuuliza anaionaje.

"Hiyo iko mzuri," akasema. "Imetulia kama jani. Weka hiyo, Okiyaale."

Nikatazama. Waya ulikuwa umechomoka kwenye betri. Taa haikuwaka.

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka, aliendelea kuisifu. Akasema kijani chake si kikali, hakitaumiza watu wakati wa kucheza. Nikainamisha uso wangu mbele ya wake, karibu kama mtu anayetaka kupulizia vumbi jicho, na yeye akaendelea kuzungumza akielekea pale sauti yangu ilipokuwa mwanzo. Katikati ya kila jicho palikuwa na weupe, kama maziwa kidogo yaliyosahauliwa chini ya kikombe.



Sasa yote yananirudia. Nilimwona akija kwangu akipitisha vidole kwenye miiba ya ua, nikafikiri ni uzembe wa wasanii. Aliacha kuja jioni, nikafikiri ameshika sana sala. Gazeti nililompa alilikunja akasema atasoma baadaye. Kila jambo nililiona, nikalitafutia maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri. Miaka thelathini niliwaambia wanafunzi waamini wanachokiona kabla ya wanachotarajia. Tena nilikuwa mwalimu anayetia jibu ndani ya swali: leo nimempa rafiki yangu rangi zote mbili kwa mdomo, kisha nikamtahini.

Niliurudisha waya polepole, usitoe mlio. Nilitaka nimwache na ushindi wake. Lakini nikaiona mikono ile ikifungua kifuniko, na volti mia tatu zikiwa ndani. Upole wa namna hiyo ungemuua.

Nikamwambia, "Dheere, taa ilikuwa haijawaka."

Nje Halima alikuwa akimfokea mbuzi kwa Kisomali. Yusuf alisubiri amalize, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Halima ameingia. Nikamwambia hapana, tuko wawili. Akauliza mlango uko wazi au umefungwa. Nikainuka nikaufunga.

Aliniambia yote akiwa ameutazama ukuta. Jicho la kushoto lilianza kufifia njiani alipokuwa akikimbia vita. La kulia limemalizika baada ya Ramadhani iliyopita. Sasa hujua mchana na usiku, na hujua mtu akikatiza mbele ya dirisha, basi. Hatua za kutoka kwa Halima hadi kwangu amezihesabu, hata kwenda msikitini. Halima hajui, anadhani kaka yake amekuwa mvivu. Nikamuuliza kwa nini asimwambie dada yake wa tumbo moja.

"Walaal, ndugu yangu, mimi hapa ni Dheere," akasema. "Wakijua, kesho mimi ni Indhoole. Hata mtoto wa dukani ataniita hivyo. Na hakuna mtu ataita Indhoole kwa harusi aje abige gitaa. Wataita aje ale."

Indhoole ni kipofu. Jina hilo lingemshika siku hiyohiyo, bila ubaya wowote, na ndiyo sababu asingeweza hata kulikasirikia.

Basi nikafanya ninachokijua. Niliunganisha tena ile balbu ya baiskeli, nikaiacha iwake. Nikaondoa kioo, nikaivika kifuniko kidogo cha bati cha chupa ya dawa. Baada ya kama dakika mbili nikachukua mkono wake, nikaweka mgongo wa kidole juu yake.

Akautoa haraka. Kisha akaurudisha.

Balbu ya waya ni mvivu: sehemu kubwa ya umeme wake huipoteza kwa joto, na ndiyo maana wataalamu huidharau. Leo nimeipenda kwa kosa lake. Tatizo ni kwamba hapa Garissa hata kijiko cha kivulini kina joto, kwa hiyo ile ndogo ya redio haikutosha. Alishindwa kuitofautisha na meza. Ile ya baiskeli aliitambua mara sita kati ya sita, na safari hii sikueleza chochote kabla ya kuuliza.

Halafu yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipoizima, aliacha kidole palepale, akasema bado. Bado. Bado. Sasa imepoa. Akauliza kama ule mtungi wa umeme niliowahi kumweleza nao humwagika polepole hivyo. Taa ya macho huzimika mara moja na kumdanganya mtu kwamba hatari imekwisha. Joto huondoka taratibu. Nikiweka kizuizi, yaani rezista, cha kumwaga umeme wa kapasita, naweza kupima hadi nihakikishe kwamba kifuniko cha balbu hakipoi kabla mtungi haujakauka. Nimetengeneza na kufungua redio tangu ujana, na sikuwahi kulifikiria hilo.

Alasiri hii nimeifunga ile balbu ya baiskeli mahali pake. Tundu nililokuwa nimetoboa halikutosha, nimelipanua kwa tupa hadi kiganja kikachubuka.

Lakini lililonikalisha kuandika ni lile la mwisho. Nilimwambia kwamba ule weupe unafanana na mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho huondolewa. Mimi si daktari, ila Alhamisi kuna madaktari wa macho hospitalini, na kuangaliwa si kuchinjwa. Akakataa. Akasema atakayeonekana kwenye foleni ile atakuwa na jina jipya kabla ya kufika dirishani. Nikakubali hoja yake, maana ni ya kweli. Akapapasa kile kifuniko cha bati kilichokwisha kupoa.

Kisha akaniuliza kama bado navaa ile miwani nene.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mgonjwa ni wewe," akasema. "Mimi nimekusindikiza tu. Mzee hawezi kwenda beke yake."

Tumepatana hivyo. Kesho saa moja asubuhi atanishika mkono mbele ya macho ya mtaa wote, tumpite Langare na duka la kona, na kila atakayeuliza ataambiwa Okiyaale haoni vizuri siku hizi. Mimi nitajikwaa mara mbili tatu ili waamini. Shida ni kwamba anayeongozwa hukaa nusu hatua nyuma, na kesho mimi lazima niwe mbele bila kuonekana niko mbele. Nimejaribu sasa hivi uani, peke yangu, kiwiko kimenyooka. Je, nitaweza kutembea hivyo hadi hospitalini?