Koti la Lango la Nyuma

Sumbawanga, Jumanne, mwezi wa sita

Sijui nimfukuze au nimshukuru.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Meneja alipita na Landrova, akanisifu: mlinzi wa lango la nyuma ya ghala kasimama wima, wala hatetemeki na baridi hii. Nikafurahi. Nilipokwenda kumpongeza Mzee Kosmasi, nikakuta nguzo ya uzio imevikwa koti lake la kazi, na kofia juu.

Mwenyewe alirudi mchana, miguu imejaa vumbi. Nilimwamkia shikamoo kwanza, ndipo nikaanza kumfokea. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ndugu msimamizi, leo kijiji kinavuna ulezi wa shamba la pamoja. Katibu kasema asiyetokea ni mnyonyaji. Wewe unasema anayeacha lindo ni msaliti. Basi mimi na koti tumegawana kazi."

Nikaenda kukagua malango. Mbaya zaidi, lango la mbele, waliposimama watu wawili wazima, gunia la mahindi limeibwa. La nyuma hakikuguswa kitu.

Nikimripoti, meneja atajua ninasimamia nguzo. Nikinyamaza, walinzi wengine nao watataka... hapana. Kila mmoja ataniletea katibu wake.

Jioni meneja kaniita tena. Kesho wafanyakazi wote wakusanyike, anataka kumpa mkono mlinzi yule mbele yao. Nikamfuata Mzee Kosmasi, nikamwambia avae koti lake, aje mapema.

Akasema kesho bado wanavuna.