Fenibelti ya Bibi Arusi

Kaka Mutua,

Hamjambo huko Kitui? Huku jua ni kali na bado nimeshiba pilau ya arusi ya binamu yetu Kalondu. Ndiyo, nilimbeba kwa pijo ya marehemu Baba, gari lile unaloliita chuma chakavu. Nilimchukua kwao Kawangware, na tulipofika mtaa wa Olympic fenibelti, ule mkanda wa feni ya injini, ikakatika. Boneti ikatoa mvuke kama sufuria ya githeri. Kalondu akalia mpaka poda ikashuka shingoni.

Pijo nyingine kuukuu ikasimama nyuma yetu. Akashuka mzee mmoja wa kofia, simjui hata kwa sura.

“Madam, imekuangusha?”

Akachungulia, akarudi kwa gari lake, akafungua fenibelti yake mwenyewe na kunifungia.

“Na wewe je, mzee?”

“Mimi sina haraka. Bibi arusi ako nayo.”

Kalondu akamwalika arusini kupitia dirisha, tukamwacha ameketi kando ya mtaro akila mahindi ya kuchoma. Keki ilipokatwa tukasikia honi. Ni yeye, na nyuma yake magari matatu ya zamani yameng'arishwa kama sahani za wageni! Nikataka kumrudishia fenibelti, akakataa.

“Hawa wenzangu wameniletea nyingine. Wewe beba moja ya ziada, utakutana na mtu.”

Nimenunua mbili, kaka. Nibusie watoto, na yule mnunuzi uliyemtafutia pijo ya Baba mwambie asipoteze nauli.

Dada yako,
Mwende